Mke wa Kadi

Jina la Mama Tepu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watoto wa shule, kwa sababu tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, na mara mbili alikwenda nayo msibani bila kujijua. Kwa miaka thelathini na minne alishona sare katika chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye mashine mbili, meza ya kukatia, na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani. Kalenda hiyo haikutupwa kwa kuwa mgongoni mwake kulikuwa na vipimo vya nusu ya mtaa. Mteja akimwambia, "Wewe kadiria tu," alirudishiwa kitambaa chake palepale. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa hawezi tu. Kitu kisicholingana kilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Ndiyo maana habari ya wake wa Babu Tarishi ilibaki kidogo imtie wazimu.

Ilianza na mama yake mzazi, ajuza wa miaka themanini na sita aliyevunjika nyonga na kuhamishiwa chumba cha nyuma ya duka. Miguu ilikuwa imegoma, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Siku moja Mama Tepu akitia vifungo, alisikia anaitwa.

"Lile jiwe la Bibi limefikia wapi?"

"Jiwe gani tena, mama?"

"La Bibi yangu. Siku anazikwa nilimwahidi. Nilikuwa na miaka saba. Nikamwambia, Bibi, nikikua nitakuwekea jiwe lenye jina lako, kama la Babu. Sasa nimekua, au bado?"

Mama Tepu alicheka, kisha akaacha kucheka. Wiki ile ile daktari alikuwa amemvuta kando akamwambia, kwa maneno laini, kwamba moyo wa mzee umechoka na wasipange mambo ya mbali. Basi jioni hiyo alimwendea fundi wa mawe, wakachagua jiwe la kijivu, lisilo kubwa. Fundi akasema ataliwahi, ila maneno ayapate kabla ya mwisho wa mwezi, kwani baada ya hapo ana kazi ya mbali.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Babu Tarishi alikuwa mpeleka barua wa ofisi ya serikali enzi za wakoloni, na alioa wake wawili. Makarani wa wakati ule hawakujisumbua na majina marefu ya watu, waliandika mtu anavyoitwa. Mume aliitwa Tarishi. Mke wa kwanza alikuwa akifinyanga vyungu, akaandikwa Mfinyanzi. Wa pili alikuwa akisuka mikeka, akaitwa Msusi. Mfinyanzi alizaa mvulana, Msusi akazaa msichana, na msichana huyo ndiye aliyemzaa mama yake Mama Tepu. Katika makaburi ya ukoo Tarishi alikuwa na jiwe lake, na ubavuni pake palikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe madogo, bila jina. Hapo ndipo Msusi alipolala. Ni neno moja tu la kuchonga.

Lakini katika ukoo huo hakuna aliyeandika neno juu ya kaburi bila Mwalimu kukubali. Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, alikuwa mwana wa yule mvulana wa Mfinyanzi, kwa hiyo ni binamu wa mama, na kwa Mama Tepu ni mjomba. Alimkaribisha sebuleni akiwa amevaa tai, japo alikuwa hatoki kwenda popote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapana, si hapo, hicho kiti kina mguu mbovu. Kaa pale."

Alipolisikia lililomleta, aliinuka, akafungua kabati, akatoa daftari lililofungwa ndani ya kipande cha mkeka mkuukuu. Ni daftari la marehemu baba yake. Alilifungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ya darasani:

"'Mama yangu, Mfinyanzi, alifariki nikiwa na miaka miwili. Amezikwa ubavuni kwa baba. Mke wa pili, Msusi, alirudi kwao.'" Akalifunga. "Umesikia. Kaburi ni la bibi yangu. Bibi wa mama yako aliondoka. Silisemi kwa ubaya, mwanangu. Watu huachana."

"Lakini mama alimwona akizikwa!"

"Dada yangu ana miaka mingapi? Na alikuwa na miaka mingapi wakati huo? Haya hapa ni maandishi."

Mama Tepu alirudi nyumbani damu ikimchemka. Alirudi kwao! Kwa hiyo bibi aliyemlea mama yake, aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa nyuzi za ukindu, alikuwa mtu wa kujiondokea? Mama yake alipoambiwa, aligeuza uso ukutani. Hakula mchana wala jioni. Na mama yake akikosa kula, hata jirani hujua kuna jambo.

Kesho yake Mama Tepu alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi tangu harusi ya mwanawe, akapanda kwenye jengo la nyaraka za serikali. Chumba cha kusomea kilikuwa na meza ndefu, feni isiyozunguka, na bango la kukataza kalamu za wino. Mtunza nyaraka, msichana mwenye mafua na leso mkononi, alimtazama tepu shingoni.

"Mama, hairuhusiwi kupima nyaraka."

"Hii ni yangu ya kawaida tu, mwanangu. Naomba faili la mtumishi wa zamani. Tarishi."

Faili lilikuja likiwa jembamba, limefungwa kwa kamba. Ndani, jambo la kwanza lilikuwa kadi ya nyumba ya serikali, yaani kota. Chumba kimoja, mtumishi mmoja, mke mmoja. Mke: Mfinyanzi. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Hakuna Msusi. Hayupo kama mke wa pili, wala kama aliyeachwa, wala kama mgeni. Kwa serikali ile, bibi wa mama yake hakupata kuzaliwa.

Alipogeuza karatasi ya mwisho ndipo akili ilipomruka. Ilikuwa fomu ya kumwombea mtoto wa mtumishi nafasi ya shule. Ilisema kwamba nafasi ni kwa mtoto wa mke aliyeandikwa kwenye kadi, na kwamba mama huyo lazima amlete mwenyewe. Mtoto ni mvulana wa miaka kumi. Chini karani aliandika kwamba mama wa mtoto, Mfinyanzi, hajui kuandika, ameweka alama ya dole gumba mbele yake. Na alama ilikuwapo, nyeusi, imekolea.

Mama Tepu alihesabu kwa vidole. Mvulana ndiye baba yake Mwalimu. Daftari lilisema mama yake alikufa yeye akiwa na miaka miwili. Hapa ana miaka kumi, na mama yake amekuja ofisini kwa miguu yake, marehemu wa miaka minane, akaweka dole gumba.

"Mama, unaumwa?" mtunza nyaraka akauliza.

"Siumwi. Ila humu ndani kuna mtu aliyekufa anayetembea."

Msichana akapenga kamasi, akamwambia wako wengi, na akamshauri ajaribu rejista ya vizazi ya zahanati ya watumishi, rafu ya pili. Mama Tepu akajaribu. Angalijua, asingalijaribu. Mwezi wa pili wa mwaka mmoja, Mfinyanzi wa Tarishi alijifungua mtoto wa kiume. Mwezi wa sita, mwaka huohuo, Mfinyanzi wa Tarishi alijifungua mtoto wa kike. Aliisoma mistari ile mara nne. Amezaa watoto wanne yeye mwenyewe, na hesabu ya miezi hahitaji kufundishwa na mtu.

Na huyo wa kike, kwa tarehe na kwa kila kitu, alikuwa bibi yake, mama wa mama yake. Basi alikuwa mtoto wa Mfinyanzi? Kama ni hivyo, Msusi ni nani? Alimlea nani? Na waliyekuwa wakimlilia miaka yote hii ni bibi wa nani?

Alipiga picha kurasa zote kwa simu, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu zilizofuata duka lilikuwa vurugu. Alichora wake wawili juu ya meza kwa chaki ya cherehani, akaunganisha mistari, akafuta, akachora tena. Daftari likiwa kweli, faili ni la uongo. Faili likiwa kweli, Mwalimu hana haja ya kuwekea mtu jiwe, kwa kuwa bibi yake hakufa. Zahanati ikiwa kweli, basi hakuna kweli tena. Mteja mmoja alirudisha kaptura ya mwanawe yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ilikuwa ya kwanza katika miaka thelathini na minne, na Mama Tepu aliona aibu kana kwamba amekutwa akiiba. Fundi wa mawe alipiga simu akiuliza maneno. Akamwambia maneno yapo, ila hayajakubaliana.

Siku ya nne, akimlisha mama yake uji, alichoka kufikiri akasema ovyo tu, "Huyu Mfinyanzi kila mahali yupo. Mpaka zahanati!"

Mama yake akakataa kijiko. "Si jina la hospitali hilo?"

"Jina la hospitali kivipi?"

"Bibi alikuwa na jina la hospitali. Nikienda naye kudungwa sindano, nesi anaita, 'Mfinyanzi!' Bibi anasimama. Namuuliza, Bibi, mbona wewe ni Msusi? Ananiambia, hilo ni la nyumbani, huku tunatumia la kwenye kadi. Nikajua kila mtu ana la nyumbani na la hospitali. Nikadhani na mimi nikikua nitapewa langu."

Mama Tepu aliweka bakuli chini polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Kadi ni moja, chumba ni kimoja, mke ni mmoja. Tarishi alikuwa na wawili. Basi mmoja akiwa shambani mwingine yuko kota, na aliyeko kota, awe nani, ni Mfinyanzi. Mfinyanzi akazaa mwezi wa pili kwa kadi hiyo. Msusi akazaa mwezi wa sita kwa kadi hiyohiyo. Mfinyanzi akafa shambani, na hakuna aliyekwenda kuiambia ofisi, kwa sababu kadi ikifa chumba nacho kinakufa. Msusi akabaki nayo.

"Mama. Msimamizi wa kota hakujua kwamba wake ni wawili?"

"Alikuwa anahisihisi. Alikuwa na macho yule! Akitukuta watoto uani anatuuliza, yule mwanamke mwingine yuko wapi? Tulikuwa tumefundishwa jibu. Wote, hata mimi niliyezaliwa nyuma. Tunasema..." Ajuza akashika ukingo wa kitanda. "Tunasema, 'Yule mwingine alirudi kwao.'"

Wakatazamana.

"Nimelisema mimi," mama akasema. "Kwa mdomo wangu huu. Bibi akiwa nyuma ya mlango ananisikiliza, na nikimaliza ananipa muwa. Wala sikujua namsema yeye." Akaanza kulia, kilio kikavu cha watu wazima sana, na Mama Tepu akalia naye, uji ukapoa.

Alasiri hiyohiyo alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, kwenye kiti kile chenye mguu mbovu, kwa kuwa alikaa kabla ya kukaribishwa. Akaweka simu mezani, picha ya fomu ya shule ikiwa imekuzwa.

"Mjomba, huyu mtoto wa miaka kumi ni nani?"

Mwalimu akavaa miwani. "Ni marehemu baba. Ndiyo shule yake ya kwanza hii. Umeipata wapi?"

"Na aliyempeleka?"

"Mama yake, imeandikwa hapo. Mfinyanzi." Akasita. Mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka arobaini hakosi hesabu ya namna hiyo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. "Alikuwa amekufa," akasema.

"Tazama dole gumba."

Katikati ya alama nyeusi ulikatiza mstari mweupe, wa mshazari, toka ukingo mpaka ukingo.

"Ni kovu," Mama Tepu akasema. "Mama amenieleza kabla sijamwonyesha picha. Bibi alijikata kwa kisu cha kuchania ukindu, dole gumba la kulia, kabla mama hajazaliwa. Akimshika shavu, mama anasema, alilisikia lile kovu. Huyo si Mfinyanzi, mjomba. Ni Msusi. Mwanawe alikuwa wa kike na hakuombewa shule. Alikwenda kumwombea wa mke mwenzake. Akaapa kwa dole lake kwamba yeye ni mtu mwingine, ili baba yako asome."

Mwalimu alinyosha mkono, akalivuta daftari, lakini hakulifungua. Alikishika kile kipande cha mkeka kilicholifunga, akaupapasa ususi wake kwa kidole, mstari hadi mstari.

"Tukiwa wadogo," akasema mwishowe, "baba hakutaka mtu akikalie hiki. Dada yangu mkubwa wa tumbo moja alichapwa kwa ajili yake. Tukajua ni ukali tu wa mzee." Akakohoa. "Lakini kwa nini baba aliandika kwamba alirudi kwao? Yeye alijua! Alilelewa naye!"

"Baba yako naye alikuwa mwalimu wa serikali, mjomba, kwa nafasi aliyoipata kwa dole la uongo. Wangejua, wangemfukuza. Walifundishwa wote kusema hivyo tangu wakiwa watoto. Nadhani alilisema mpaka alipoandika, likaja lenyewe."

Hilo la mwisho hakuwa na hakika nalo, na mpaka leo hana. Huenda mzee yule aliogopa. Huenda aliona haya. Amelipima kila upande na halikai sawa. Mwalimu alichukua kalamu, akalifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaweka ncha juu ya neno "alirudi", akashindwa. Yalikuwa maandishi ya baba yake. Alipiga mstari mmoja mwembamba mpaka mwisho wa sentensi.

"Bado kuna jambo," akasema. "Kama bibi yangu alizikwa ubavuni kwa babu, na bibi wa dada naye akazikwa ubavuni kwa babu, na kaburi ni moja?"

Mama Tepu naye lilikuwa linamsumbua. Wakaenda makaburini wote wawili, Mwalimu na tai yake. Majani yalikuwa yamepanda magotini. Mama Tepu alivua tepu shingoni, akapiga magoti, akapima kaburi la Tarishi kwa upana: sentimita tisini na tano. Akapima la pembeni, ukingo wa mawe hadi ukingo wa mawe. Tepu yake ya mita moja na nusu haikutosha. Alilazimika kuweka kidole, kuihamisha, na kuanza upya. Mita moja na sentimita tisini.

Watu walilipita kaburi lile miaka yote wakiliona moja kwa kuwa mawe yaliyolizunguka yalikuwa mzunguko mmoja. Aliyeyapanga aliyapanga kuwazunguka wote wawili. Nani aliyapanga, Mwalimu hakusema, lakini alikumbuka kwamba baba yake ndiye pekee aliyekuwa akipalilia hapa, na hakutaka kusaidiwa.

Fundi wa mawe akapewa maneno siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Majina mawili, moja chini ya jingine.

Siku ya kuliweka jiwe, mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu kilichoazimwa, amefunikwa khanga mbili ingawa jua lilikuwa kali. Alitaka kuketishwa upande wa Bibi yake. Mama Tepu akachutama mbele yake.

"Mama, nimepima kila kitu. Upande wake ni upi, hilo sijui. Na sioni nitalijulia wapi."

Ajuza akalitazama kaburi, kushoto, kulia. Alikuwa amechanganyikiwa, na hakuona haja ya kuficha. "Basi niwekeni katikati," akasema.

Wakamweka katikati. Ukoo ulikuwa umesimama bila mpango, kila mtu akisubiri mwenzake aanze. Mwisho Mwalimu akasogea, akainama kulisoma jiwe, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuyasoma majina ya watu yaliyopangwa kwa safu, aliyasoma kama anaita mahudhurio.

"Mfinyanzi."

Upepo ulipita kwenye majani.

"Msusi."

Mama akatoa mkono ndani ya khanga, akaunyosha juu, kama mtoto wa miaka saba.

"Yupo," akajibu.